Siku ya Maulidi Hakukuwa na Mkutano

Mwanangu Zuhura,

Kabla hujasoma mstari wa pili, tazama kama uko peke yako. Kama kuna mwenzako wa bweni amekaa karibu, ikunje barua hii uisome baadaye. Siwashuku rafiki zako, ambao hata sijawaona. Ni mazoea tu. Siku hizi baba yako hutazama mlango kabla ya kuandika hata orodha ya sokoni.

Alasiri imekwisha, na wewe na mama yako mmekwenda kwa fundi kuchukua sare. Kesho asubuhi utapanda gari la Msata, na pale utangoja basi la kwenda juu milimani, shuleni kwako. Habari za ndoo, jembe, fagio na kufuli la tranka mama yako amekwisha kukueleza mara tatu, naye anazijua kuliko mimi. Mimi nina jambo moja tu. Mwaka mzima nimeshindwa kukuambia kwa mdomo. Leo asubuhi nilijaribu tena ulipokuwa unakunja nguo, nikaishia kukuuliza kama umeweka kandambili.

Jambo lenyewe ni hili: hukuchanganya. Siku ile ilikuwa maulidi, hakukuwa na mkutano, na mimi nilijua.

Ngoja nieleze toka mwanzo, kwa sababu ulikuwa mdogo na mengi hukuyaona.

Kazi yangu unaijua. Viongozi wa kijiji wanaamua, mimi naandika. Nikishaandika, karatasi ikapigwa mhuri, jambo linakuwa limetokea. Nilipoanza kazi nililiona hilo kama heshima. Miaka mitatu iliyopita, manesi walikuja kugawa vyandarua, nikaambiwa nitengeneze orodha ya wapokeaji. Nikachora mistari: namba, jina, sahihi au dole gumba. Juu kabisa, mahali pa kuandika orodha hii ni ya nini, niliacha wazi. Ndivyo nilivyokuwa nafanya siku zote. Nilikuwa nachora karatasi nyingi kwa mkupuo mmoja, na kichwa cha habari nakijaza baadaye, nikishajua shughuli ni ipi. Nilijiona karani hodari asiyepoteza muda.

Kijiji kizima kilipanga foleni. Bi Hadija, yule bibi wa minazi ya kule bondeni, alikuja akilalamika kwamba chandarua cha mwaka uliopita kilikuwa kidogo, miguu yake ililala nje. Nesi akamwambia, "Bibi, lala umejikunja." Bi Hadija akamjibu, "Nikunje miguu ya miaka sabini kwa ajili ya mbu?" Watu wakacheka. Nikamshika kidole, nikakigusisha kwenye wino, nikakibandika mbele ya jina lake.

Wiki chache baadaye mwenyekiti aliingia ofisini, akafunga mlango nyuma yake. Kulikuwa na mgeni wa mjini aliyetaka eneo la bondeni kwa ajili ya hoteli, na mgeni hakuwa na subira. Ilihitajika ionekane kwamba mkutano mkuu wa kijiji umekaa na kuridhia.

"Ile orodha ya vyandarua," mwenyekiti akaniuliza, "ina kichwa?"

"Haina, mzee."

"Basi."

Alilitamka hilo "basi" kama mtu aliyesukuma sahani baada ya kushiba. Nami nikaandika. Niliandika kichwa juu ya majina yale: mahudhurio ya mkutano mkuu wa kijiji. Nikaandika muhtasari wenye ajenda, mjadala na maazimio, na nikawapa watu maneno mazuri ya kusema. Nikaandika kwamba eneo ni pori, halina mazao ya kudumu, bila kunyanyua mguu kwenda kulitazama. Kutoka ofisini hadi kwenye minazi ya Bi Hadija ni mwendo wa dakika ishirini. Minazi hiyo aliipanda baba yake, na wewe unajua kwetu mti una mwenyewe hata kama ardhi ni ya kijiji. Kisha nikatazama kalenda ya ukutani, nikachagua Jumamosi moja iliyopita, iliyokuwa tupu.

Ilikuwa tupu kwenye kalenda ya ofisi, mwanangu. Kalenda ile inajua sikukuu ya serikali tu, haijui Mfunguo Sita, mwezi ambao kila uani husomwa maulidi yake. Jumamosi hiyo kijiji kizima kilikuwa uani kwa Mwalimu Haji kwenye maulidi, na mimi mwenyewe nilikuwepo, nimevaa kanzu, nakusikiliza ukiimba kasida na wenzako wa madrasa. Niliisahau siku ambayo binti yangu aliimba mbele za watu, kwa sababu nilipokuwa naandika nilikuwa nafikiria tarehe, na nyumbani tulikuwa tumeikumbuka siku ile kwa jina lake tu.

Hakuna aliyegundua. Wazee wanakumbuka kwamba maulidi ya kwa Mwalimu Haji yalikuwa Mfunguo Sita, lakini hawajui ilikuwa tarehe ngapi ya kizungu. Wenye kusoma wanaiona tarehe kwenye muhtasari, lakini haiwaambii kitu. Wewe peke yako ulikuwa na vyote viwili, kwa sababu kesho yake ulitimiza miaka kumi na mmoja.

Mwaka jana minazi ilipoanza kukatwa, Bi Hadija alikuja ofisini na mjukuu wake. Nilimsomea orodha. Akakitazama kidole chake, akakigeuza huku na huku, akaniuliza, "Kwa hiyo karani, kidole hiki kilikwenda mkutanoni bila mimi?"

Nikamwambia, "Bibi, karatasi inaonyesha ulikuwepo."

"Karatasi ina macho?"

Nikalifunga faili. Alitoka bila kuniaga, na mpaka leo nikimwamkia ananipa marahaba yangu kavu, kama mtu anayemrushia kuku punje moja.

Jioni ya siku hiyo mwenyekiti alikuja nyumbani, unakumbuka, akanywa juisi ya ukwaju. Tulikuwa tunaitaja tarehe ya mkutano ule, nawe ukaja kuchukua gilasi. Ukasimama.

"Baba, Jumamosi hiyo si ndiyo tuliyokuwa kwa Mwalimu Haji? Mkutano ulikuwa saa ngapi?"

Mwenyekiti akacheka. "Eh! Mtoto huyu kumbukumbu zake kama daftari la dukani."

Nikasema, "Umechanganya, mama. Maulidi yalikuwa Jumamosi nyingine."

"Lakini kesho yake ndiyo siku niliyo..."

"Nimesema umechanganya."

"Kweli, baba?"

"Kweli."

Ulichukua gilasi ukaenda jikoni. Mama yako alikuwa anakuna nazi na mbuzi ikanyamaza. Mgeni alipoondoka akaniambia, bila kuninyanyulia macho, "Mtoto yule hajachanganya." Nikasema, "Najua." Akasema, "Unajua, halafu?" Mpaka leo hiyo "halafu" sijaijibu.

Ninachotaka ukijue zaidi ya vyote ni kilichofuata, kwa sababu nadhani wewe mwenyewe hukukiona. Ulianza kuongeza maneno mawili mwishoni mwa sentensi zako. "Mwalimu amesema tufunge kesho, au nimechanganya?" "Nimeiweka chumvi, au nimechanganya?" Siku moja uliona nyoka nyuma ya choo, ukaja mbio, ukasema, "Baba, kuna nyoka, au nimechanganya?" Nyoka alikuwepo. Mwalimu wako wa darasa la saba aliandika kwenye ripoti kwamba una akili lakini hujiamini, nami nikatia sahihi chini yake kama mzazi. Nilijua ni nani aliyekunyang'anya huko kujiamini.

Watu huniuliza falsafa niliyosoma chuoni imenisaidia nini, karani wa kijiji. Mimi huwa nacheka nao. Lakini mwaka huu wote nimekuwa nikirudi kwenye darasa moja. Mwalimu wetu, mama mfupi mwenye sauti kubwa, aliingia akaweka chaki mezani. "Chaki iko mezani. Nimesema kweli?" Tukaitikia. "Mmejuaje?" Tunaiona. "Kwa hiyo ukweli ni maneno kulingana na mambo yalivyo?" Ndiyo, mwalimu. Akaichukua ile chaki akaitia mfukoni. "Haya. Jana saa nne chaki ilikuwa mezani. Linganisheni."

Tukaitazama meza tupu. Jana haiwekwi mezani ukaipima. Yaliyopita yanatuachia watu na karatasi tu, na watu wanasahau, na karatasi nazijua zinavyozaliwa.

Alitufundisha kwamba wapo wanaosema ukweli ni maelezo kushikana yenyewe kwa yenyewe, hili likiliunga mkono lile bila kupingana. Niliipenda sana nadharia hiyo. Ilinipendeza kama nyumba iliyopigwa lipu. Sasa tazama faili la bondeni. Orodha inaunga mkono muhtasari, barua ya kwenda wilayani inataja muhtasari, na mchoro wa eneo unataja barua. Mwanasheria wa yule mgeni alilifunua akasifu: "Faili safi. Kila karatasi inamshuhudia mwenzake." Zinashuhudiana, ndiyo. Zote ni za mkono mmoja, wa baba yako. Toka hapo nikiona habari imeoana mno, haina hata uzi unaoning'inia, natafuta kwanza mwandishi alikuwa mmoja au wengi. Nakuambia hivyo nikijua kwamba shaka ya namna hii inachosha. Mimi imenichosha. Lakini sina budi kukupa nilichonacho.

Wapo pia waliosema ukweli ni kile ambacho watu wote, wakikaa na kujadiliana kwa haki, watakubaliana. Sentensi hiyo ni nzuri. Siku hizi nikisikia "wananchi wote waliridhia," nauliza walipanga foleni ya kitu gani.

Na iko nyingine inayonitesa kuliko zote. Inasema jambo ni la kweli kama ukiliamini linafanya kazi, linakufikisha. Ukitaka kuona, zahanati ipo. Mgeni aliahidi na akajenga. Ina paa la buluu, ina maji ya bomba, na mdogo wako Salum alizaliwa humo usiku ambao mama yako alitokwa damu na gari la kumfikisha Bagamoyo mjini halikupatikana. Nilimpakata nikiwa nimesimama kwenye sakafu iliyoletwa na muhtasari wangu. Nikimtazama Salum anavyotambaa siwezi kukuambia kwamba karatasi ile ilizaa mabaya matupu. Nimejaribu kuutumia usiku huo kujitetea. Halafu naliona bonde, namwona Bi Hadija ananunua nazi dukani, bibi ambaye alikuwa akiwapelekea jirani bure, na hesabu yangu inaniharibikia. Sijui nikufundishe nini hapo. Najua tu kwamba yule aliyefaidika na jambo si mtu wa kuulizwa kama lilikuwa kweli. Na mimi nimefaidika.

Wiki iliyopita nilipata wito. Alhamisi hii nitasimama mbele ya baraza la ardhi kama shahidi. Mjukuu wa Bi Hadija ndiye aliyefungua shauri. Mwenyekiti alinifuata msikitini, tukatoka pamoja, akanishika mkono kama rafiki.

"Unaogopa nini, karani? Watakuuliza kama muhtasari huu umeuandika wewe. Umeuandika?"

"Nimeuandika."

"Sema ndiyo. Uongo uko wapi?"

"Na wakiniuliza kama ni kweli?"

"Kweli tena ya nini? Ukisema mkutano ulikaa, si umeshasema? Kuongeza kweli ni chumvi juu ya chumvi."

Mzee wa darasa la saba, ananisomesha nadharia ambayo mimi niliisoma kwa kamusi. Maana wapo waliosema hivyohivyo, kwamba neno "kweli" haliongezi chochote, kwamba "mvua inanyesha" na "ni kweli mvua inanyesha" ni kitu kimoja. Chuoni sikupata hoja ya kuwapinga. Hoja niliipata hapo nje ya msikiti, nilipokumbuka namna ulivyoniuliza, "Kweli, baba?" Kama neno hilo halina kazi, kwa nini lile moja nililokujibu lilitosha kukufunga mdomo mwaka mzima?

Kabla hatujaachana aliniuliza habari zako. "Binti anaondoka lini? Vizuri, vizuri. Mtoto asome mbali." Akanipa noti mbili za nauli yako, nami nikazipokea. Nimeziweka ndani ya msahafu na sitazitumia, lakini nilizipokea.

Hapa ndipo ninapoona haya kuliko pote. Ni yeye aliyeniambia habari za shule hiyo. Nilijaza fomu nikajiambia ni kwa sababu ya maabara, na walimu wa hesabu, na hali ya hewa. Yote hayo yapo, sikudanganyi. Lakini sasa namshuku yule baba aliyejaza fomu. Shule nzuri za karibu zilikuwepo. Ukiniondoa mimi na mama yako, mtu pekee katika kijiji hiki anayeweza kusimama akasema siku ile ilikuwa tarehe fulani na tulikuwa mahali fulani, kesho atakuwa safarini, na Alhamisi atakuwa mbali. Nimejiuliza kama nakupeleka au nakuondoa, na jibu ninalolipata hubadilika kila saa. Nenda. Shule hiyo ni nzuri, kaisome. Ila ujue kwamba hata katika jema nililokutendea sikuwa na nia moja.

Wala usirudi kwa ajili ya jambo hili. Nakusihi. Kusema ni kazi yangu, si yako. Nikisema, naweza kufukuzwa kazi, naweza kushitakiwa, na sitaki kukuficha, naweza kufungwa. Mama yako anajua. Nilimwambia juzi akiwa anamnyonyesha Salum. Alimhamishia ziwa la pili, kisha akaniuliza, "Gerezani watakuruhusu kalamu?" Nikasema sijui. Akasema, "Wasikuruhusu." Halafu akacheka, nami nikacheka, na Salum akaacha ziwa akatutazama.

Ninaogopa, Zuhura. Toka utoto mimi ni mtu wa kuogopa. Wenzangu walikuwa wanaruka ukuta, mimi nawashikia viatu. Nimeifanyia mazoezi sentensi nitakayoisema Alhamisi: "Siku hiyo hakukuwa na mkutano. Mimi ndiye niliyeandika kwamba ulikuwepo." Naisema nikioga, naisema nikitembea. Sauti haitetemeki. Lakini pale hakutakuwa na maji ya kuoga. Kutakuwa na mwenyekiti amekaa benchi la mbele, na mwanasheria, na faili safi, na mtu akiniuliza kwa upole kama nina uhakika. Najifahamu. Naweza kusikia upole ule nikasema labda nimechanganya.

Kwa hiyo sitakuomba uniamini. Nimelitumia vibaya neno hilo kwako. Ukirudi likizo nitakusimulia niliyoyasema barazani, na nitakusimulia vizuri, maana kusimulia nakujua. Usiishie kwangu. Hata kama nitakuwa nimekaa kibarazani nimetulia, hata kama machozi yatanitoka, nisikilize hadi mwisho kisha vaa ushungi uende kwa Bi Hadija. Mwamkie. Muulize karani alisema nini. Mjukuu wake atakuwepo, muulize na yeye, kila mmoja kwa wakati wake. Ukikuta nilikimbia, nililoliandika humu ndilo la kushika, na nitakalokuwa nimekuambia kibarazani ulitupe, ingawa ni la baba yako.

Halafu urudi nyumbani kabla giza halijaingia. Sitakuuliza umesikia nini, wala sitayaamini niliyojisimulia mwenyewe. Nitatazama uso wako unavyoingia mlangoni, na hapo ndipo nitakapojua kama nilisema.

Baba yako,
Idrisa